Uzi maalumu: Kutetemeka, kukakamaa na kuyumba kwa kurithi. Ukiambiwa "ni ya ukoo, haina dawa", uliza kwanza haya

#1 MtotoWaKati

Habari zenu wakuu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeubeba moyoni muda mrefu na leo nautua.

Nianze na miguu ya mdogo wangu wa kike. Asubuhi alikuwa anaamka mzima kabisa, anakimbia uani kama watoto wengine. Ikifika saa nane mchana kisigino cha kushoto kinaanza kunyanyuka. Saa kumi na moja jioni anatembea kwa ncha za vidole, mguu umegeukia ndani kama umefungwa kamba, akilazimisha hatua anaanguka. Usiku tunambeba. Analala, na kesho yake anaamka mzima tena.

Majirani walisema anadeka. Shuleni walisema ni mvivu, asubuhi anacheza na jioni anajifanya kilema. Hospitali moja, ambayo siitaji, walimwandikia mtindio wa ubongo akiwa na miaka saba, na maandishi hayo yakamfuata miaka tisa. Mazoezi, viatu vya chuma, sindano za kulegeza misuli. Picha ya MRI ya ubongo ilitoka safi, na hakuna aliyejiuliza mbona mtindio wa ubongo hauonekani kwenye picha wala hautulii asubuhi.

Akiwa na miaka kumi na sita tukakutana na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, mzee mmoja mtaratibu. Hakugusa faili. Alimuuliza mdogo wangu, "Jioni unakuwaje kuliko asubuhi?" Akamsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akamgeukia mama: "Na wewe mama, miguu yako ikoje?" Mama akashangaa, akasema haina tatizo, inachoka tu jioni. Mzee akaandika levodopa, dozi ndogo sana, dawa ileile wanayopewa wagonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na mwili kuwa mzito).

Usiku wa tatu nilikuwa nimelala chumba cha pili. Nikasikia hatua kwenye korido: kisigino kinagonga sakafu, halafu kingine. Nikajua si mama, namjua anavyotembea. Alikuwa mdogo wangu, saa nne usiku, anakwenda kunywa maji kwa miguu yake. Katika maisha yetu yote sikuwahi kusikia kisigino chake usiku.

Ugonjwa wake unaitwa distonia inayoitikia dopa: distonia ni misuli kujikaza na kupinda kiungo bila hiari, na dopa ndiyo hiyo levodopa. Wengine huuita ugonjwa wa Segawa, kwa jina la daktari wa Japani aliyeueleza miaka ya 1970. Chanzo chake mara nyingi ni kasoro kwenye jeni iitwayo GCH1, iliyopo kromosomu ya 14 (kromosomu ni vifurushi vinavyobeba jeni), na wanasayansi waliigundua mwaka 1994. Jeni hiyo ndiyo maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kinachoanzisha kazi ya kuandaa kisaidizi ambacho ubongo unakihitaji ili utengeneze dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo. Kimeng'enya kikipungua, dopamini inatengenezwa kidogokidogo. Usiku mtu amelala matumizi ni madogo, akiba inajaa. Mchana anaitumia, na jioni akiba imeisha. Seli za ubongo zenyewe hazijafa, ndiyo maana picha inatoka safi, na ndiyo maana dawa ikiingia mwili unaitika ndani ya siku chache na kuendelea kuitika miaka na miaka.

Sasa nikifikiria hiyo miaka tisa, kinachoniuma zaidi ni neno moja. Kuna daktari, kabla ya yule mzee, aliwahi kusema, "Hii inaweza kuwa ya kurithi." Nyumba nzima tukanyamaza. Tuliposikia "kurithi" tulielewa "imeisha hiyo, hakuna la kufanya". Hatukuuliza swali lolote. Tukarudi nyumbani tukakaa nayo miaka mitatu mingine.

Ndiyo sababu ya uzi huu. Kurithi kunakueleza ugonjwa umeingilia mlango gani. Kama una dawa au hauna, hilo ni swali jingine kabisa na lazima uliulize peke yake.

#2 MtotoWaKati

Naendelea. Tuelewane kwanza ugonjwa unapitaje ndani ya ukoo, maana hapa watu wengi wanachanganya.

Kila mtu ana nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Kuna magonjwa ambayo nakala moja mbovu inatosha. Mzazi mwenye kasoro akizaa, kila mtoto ana asilimia 50 ya kuichukua. Kila mimba inarushwa shilingi upya. Nimesikia watu wakisema, "Tuko wanne, wawili wameshaugua, sisi tuliobaki tumenusurika." Si kweli jamani, shilingi haikumbuki ilivyoanguka mara ya mwisho.

Kuna mengine yanayohitaji nakala zote mbili ziwe mbovu. Hapo baba mzima, mama mzima, mababu wazima, halafu mtoto anaugua na ukoo unaanza kutafuta mchawi. Kumbe wazazi wote wawili ni wabebaji, na kila mtoto wao ana asilimia 25. Wazazi wakiwa ndugu wa damu uwezekano unapanda, kwa kuwa wote wawili wanaweza kuwa wamechota kasoro ileile kwa babu mmoja.

Halafu kuna yale ya kromosomu X, mama anabeba, wanaougua zaidi ni watoto wa kiume. Mfano unaojulikana sana ni wa kisiwa cha Panay, Ufilipino. Wanaume wa huko hupata distonia ukubwani, baadaye mwili unakuwa mzito kama wa mwenye Parkinson. Wenyeji wanauita lubag, neno lao lenye maana ya kujipinda. Chanzo ni kipande cha DNA (maandishi ya urithi) kilichojinakili na kujipachika ndani ya jeni ya TAF1 zamani sana, kikashuka vizazi na vizazi.

Na lingine ambalo sisi hatukuambiwa: kuwa na kasoro si lazima uugue. Kuna distonia inayoanza utotoni kwenye mguu au mkono na kusambaa mwilini, inatokana na jeni ya TOR1A iliyopo kromosomu ya 9. Iligunduliwa 1997. Kasoro yenyewe ni herufi tatu tu za DNA zilizodondoka, GAG. Kati ya watu 10 wenye kasoro hiyo, wanaougua ni kama 3. Saba wanazeeka bila dalili, lakini wanaweza kuwarithisha watoto. Kwa hiyo ukoo unaweza kuonekana umeruka kizazi kumbe haukuruka, umejificha tu ndani ya mtu mzima wa afya.

#3 WaNneNyumbani

Mkuu MtotoWaKati, Mungu ambariki mdogo wako. Nimesoma nikiwa nimesimama.

Mimi baba yangu ana Huntington, ugonjwa wa kurithi wa ubongo. Ilianza na vidole, akikaa vinachezacheza juu ya goti kama anapiga kinanda. Tukadhani mawazo. Baadaye mabega, halafu uso, halafu akawa mtu wa hasira, yeye ambaye hakuwahi kutuinulia sauti. Alipimwa akakutwa nao. Mimi ni wa nne, nina miaka 29, nina mchumba. Kila nikidondosha kijiko najitazama mkono. Naomba mwenye kuelewa anieleze kipimo kinasemaje hasa, maana majibu ya baba yaliandikwa namba tu: 44.

#4 FundiMaabara

Ndugu yangu WaNneNyumbani, pole sana. Nafanya kazi maabara ya vinasaba, nitakueleza hiyo namba.

Kwenye kromosomu ya 4 kuna jeni yenye maelekezo ya protini iitwayo huntingtini. Mwanzoni mwa jeni hiyo herufi CAG zinajirudia: CAG CAG CAG. Kila mtu anazo, wewe, mimi, wote. Tofauti ni idadi. Ikiwa 26 au pungufu, hakuna shida. Kuanzia 27 hadi 35 mwenyewe haugui, ila akizaa idadi inaweza kuongezeka kwa mtoto. Kuanzia 36 hadi 39 anaweza kuugua au asiugue. Kuanzia 40 kwenda juu ataugua akijaliwa umri. Namba ya baba yako ni ya nakala yake ndefu. Nakala yake nyingine ni ya kawaida, na wewe umechukua moja kati ya hizo mbili.

Kwa nini idadi inaongezeka? Mfikirie mtu anayehesabu shanga za rangi moja kwenye uzi mrefu. Zingekuwa na rangi tofauti asingepotea. Zikifanana, anapoteza hesabu. Mwili unaponakili CAG nyingi zinazofuatana, unapoteza hesabu vivyo hivyo, na kasoro inapopita kwa baba kuongezeka ni kukubwa zaidi kuliko inapopita kwa mama. Ndiyo maana kuna familia ambazo babu aliugua akiwa na miaka 60, mwanawe miaka 45, mjukuu miaka 30. Marudio ya CAG yakipita 60, ugonjwa mara nyingi unaanza utotoni au ujanani, na hapo mtoto anakakamaa zaidi kuliko kuchezacheza.

Jambo moja naomba ulishike. Usichukuliwe damu na mtu yeyote kabla hujakaa na mshauri wa masuala ya urithi, zaidi ya mara moja. Kipimo hiki kwa mtu asiye na dalili ni hiari yako peke yako. Mchumba hawezi kukulazimisha, wala mwajiri, wala ndugu. Na watoto wasio na dalili hawapimwi mpaka wafikie utu uzima waamue wenyewe.

#5 Mtazamaji77

Samahanini, sitaki kuharibu uzi. Sisi ukoo wetu una watu wa kuchezacheza mwili na tumeambiwa miaka yote ni laana ya babu aliyedhulumu. Kila anayeanza dalili anafichwa chumba cha nyuma. Mnataka kuniambia hapo hakuna laana?

#6 MtotoWaKati

Ndugu Mtazamaji77, hujaharibu kitu, umeleta jambo lenyewe.

Kuna kijana wa Marekani, George Huntington. Baba yake alikuwa daktari, babu yake pia, wote walihudumu Long Island. Akiwa mtoto alipanda gari la farasi na baba yake kwenda kuona wagonjwa, wakakutana barabarani na wanawake wawili, mama na binti yake, warefu, wembamba, wanainama, wanajipinda, nyuso zinajikunja. Alistaajabu na hakuwasahau. Mwaka 1872, akiwa na miaka 22, akaandika makala juu ya ugonjwa huo, akitumia na kumbukumbu ambazo baba na babu yake walikuwa wameandika juu ya familia zilezile. Aliliona jambo moja la maana: mtoto akiishi maisha yake yote bila ugonjwa, kwa wajukuu uzi umekatika, haurudi tena. Laana isingekuwa na utaratibu huo. Isingegawa watoto nusu kwa nusu na kumwachilia huru kabisa mtoto wa yule aliyeponyoka.

Wataalamu huziita harakati hizo korea (haihusiani na nchi), neno lililotokana na Kigiriki kwa maana ya kucheza ngoma.

Jeni yenyewe ilichukua zaidi ya miaka mia kupatikana. Nancy Wexler, mwanasayansi ambaye mama yake mzazi alikuwa na Huntington, alikwenda na wenzake kwenye vijiji vya Ziwa Maracaibo, Venezuela, kulikokuwa na familia kubwa mno zenye ugonjwa huu. Walichukua damu na kuchora ukoo wa maelfu ya watu. Mwaka 1983 wakajua iko kromosomu ya 4, na mwaka 1993 jeni ikapatikana. Watu wale walitoa damu yao na dunia nzima ikapata kipimo. Naomba muwaombee, maana wengi wao walikufa maskini.

Kwa hiyo kaka, yule ndugu yenu aliyefichwa chumba cha nyuma mtoeni. Kama ni Huntington, kweli hakuna dawa ya kuuondoa, lakini zipo za kupunguza kuchezacheza, za huzuni, na msaada wa kula bila kupaliwa. Na inawezekana si Huntington. Hilo FundiMaabara atalisemea vizuri kuliko mimi.

#7 FundiMaabara

Nalisemea, na ninaomba wenye asili ya Afrika walisome mara mbili.

Upo ugonjwa unaofanana na Huntington kama pacha: kuchezacheza, tabia kubadilika, kumbukumbu kupungua, unashuka mzazi kwa mtoto nusu kwa nusu. Lakini jeni ya huntingtini ukiipima iko salama. Chanzo chake ni marudio marefu kwenye jeni nyingine, JPH3, kromosomu ya 16. Ulielezwa mwaka 2001, na karibu wagonjwa wote waliowahi kukutwa nao wana asili ya Afrika. Maabara nyingi hazikiweki kipimo hicho kwenye orodha ya kawaida. Mtu mweusi anapimwa Huntington, anaambiwa "huna", anarudi nyumbani na mwili unaocheza bila jina. Mkipata jibu la namna hiyo ulizeni: JPH3 imepimwa?

Lingine. Siku hizi watu wanaletewa kipimo kikubwa kinachosoma maelfu ya jeni kwa pamoja, wakidhani kinaona kila kitu. Kinaona mengi. Lakini kile cha kawaida kinasoma DNA vipande vifupivifupi, na marudio marefu kama haya hakiyahesabu kwa uhakika. Huntington, JPH3, Friedreich na ataksia (magonjwa ya kuyumba) nyingi za kurithi, zote hizo zina kipimo chake maalumu cha kuhesabu marudio. Nimeona familia imelipia kipimo kikubwa, ikapewa "hakuna kasoro", ikafunga faili. Kasoro ilikuwepo. Kifaa hakikuweza kuihesabu.

#8 NesiWaUsiku

Nawasalimu wote. Mimi ni muuguzi na ningeomba mtu asiondoke kwenye uzi huu bila kusikia ugonjwa wa Wilson, maana huu nimeuona kwa macho yangu.

Kijana wa sekondari, mwandiko wake ulikuwa mzuri, ukaanza kukua na kupinda mpaka mwalimu hausomi. Akaanza kudondosha mate. Ulimi mzito. Akinyanyua mikono pembeni inapiga kama mbawa. Wakamlaza wodi ya magonjwa ya akili, wakidhani kachanganyikiwa. Daktari wa macho aliyeitwa kwa sababu nyingine kabisa alimwangalia kwa darubini ya macho akaona pete ya rangi ya kahawia inayozunguka ukingo wa konea, kioo cha mbele cha jicho. Ile pete ni shaba. Shaba kabisa, madini.

Jeni inaitwa ATP7B, iko kromosomu ya 13. Kazi yake kwenye ini ni kutoa shaba iliyozidi kupitia nyongo. Nakala zote mbili zikiharibika, shaba inajaa kwenye ini, halafu inahamia kwenye ubongo na macho. Daktari aliyeueleza ni Kinnier Wilson, mwaka 1912, na kwa miaka mingi baadaye aliyeupata alikuwa anakufa. Mwaka 1956 John Walshe, Mwingereza, akaleta penisilamini, dawa inayoikamata shaba na kuitoa kwenye mkojo. Sasa kuna na trientini, kuna na zinki inayozuia shaba isinyonywe tumboni. Dawa hizi ni za maisha. Wanaoziacha wakijiona wamepona, ini linaweza kufeli ndani ya miezi.

Ugonjwa wenyewe ni nadra, kwa makadirio ya kawaida ni mtu 1 kati ya 30,000. Lakini mwenye kutetemeka, kukakamaa au kuchezacheza akiwa kijana, lazima apimwe shaba kwanza: damu, mkojo wa saa 24, na macho. Na akikutwa nao, wadogo na wakubwa zake wote wapimwe siku hizohizo hata kama hawana dalili, kila mmoja ana asilimia 25. Wanaoanza dawa kabla ya dalili wanaishi kama watu wengine. Kwa yule kijana tulimpata na dada yake. Yeye hakuwahi kutetemeka hata siku moja.

#9 Mwanafunzi_wa_Benchi

Mimi naomba kuuliza kidogo. Nikiinuka ghafla kwenye kiti, au nikianza kukimbia, mkono wa kulia unajipinda sekunde kama kumi halafu unaachia. Fahamu zangu zote ziko sawa. Marehemu babu naye alikuwa hivyo ujanani. Inaingia humu?

#10 FundiMaabara

Inaingia kabisa, na ukithibitishwa ni huo nitafurahi kwa ajili yako. Kuna jeni ya PRRT2, iko kromosomu ya 16, iligunduliwa 2011, kasoro yake huleta hilo hasa: unaanzishwa na mwendo wa ghafla, unakwisha chini ya dakika, fahamu haipotei, na kwa wengi unapungua kadiri umri unavyoenda. Dozi ndogo ya karbamazepini mara nyingi inauzima kabisa. Nenda kwa bingwa wa mishipa ya fahamu, mwombe mtu akurekodi video kwa simu ukiinuka. Video hiyo itamweleza mengi kuliko maneno.

#11 MamaWaMapacha

Binti yangu ana miaka 13. Anayumba kama amelewa, gizani ndiyo kabisa, nyayo zimepinda juu, anajikwaa. Wamesema Friedreich, wakasema tuzoee. Sisi wazazi wote ni wazima.

#12 FundiMaabara

Mama, pole. Friedreich ni wa nakala mbili, kwa hiyo ninyi kuwa wazima hakushangazi. Jina ni la Nikolaus Friedreich, Mjerumani aliyeueleza mwaka 1863. Jeni yake, FXN, ilipatikana 1996 kwenye kromosomu ya 9, na kasoro mara nyingi ni marudio ya GAA. Yanaikaba jeni, protini yake inatengenezwa kidogo, na seli zinazohitaji nguvu nyingi zinaumia: neva ndefu za miguu na misuli ya moyo. Kwa hiyo swali la kwanza kwako: moyo wa binti umepimwa? Sukari je? Mgongo? Hayo yanafuatiliwa kila mwaka na yanatibika. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza ya ugonjwa wenyewe, omaveloksoloni, kwa wenye miaka 16 na kuendelea.

La pili, na hili ndilo lililonifanya nijibu haraka. Marudio ya GAA yalihesabiwa, au walisema Friedreich kwa kumtazama? Kama walimtazama tu, omba wampime vitamini E kwenye damu. Upo ugonjwa unaofanana nao sana, unatokana na jeni ya TTPA. Ini linashindwa kuipakia vitamini E kwenye damu, na neva zinakauka taratibu hata kama mtoto anakula vizuri. Tiba yake ni vitamini E yenyewe, dozi kubwa, maisha yote, chini ya daktari. Ukiwahi, unausimamisha. Nisingependa mtoto "azoee" kitu ambacho vidonge vingekizuia.

#13 MamaWaMapacha

Walimtazama tu. Hakuna damu iliyopimwa. Jumatatu niko mlangoni kwao.

#14 Mzee_wa_Kona

Na Parkinson jamani? Baba mkubwa anao, sasa na kaka yangu ana miaka 38 kaanza kutetemeka.

#15 MtotoWaKati

Mzee wangu, shikamoo. Wengi wenye Parkinson hawana jeni moja ya kunyooshea kidole. Lakini familia zipo. Mwaka 1997 ukoo mmoja wenye asili ya Contursi, kusini mwa Italia, ulionyesha kasoro ya kwanza, kwenye jeni ya SNCA. Mwaka uliofuata Japani wakapata jeni ya PRKN, ambayo ndiyo ya kuulizia kwa kaka yako, kwa sababu huanza mapema, mara nyingi kabla ya miaka 40, na hutaka nakala mbili mbovu. Wenye PRKN kwa kawaida huenda taratibu na levodopa inawasaidia vizuri. LRRK2 iliyopatikana 2004 hutosha nakala moja, na wengi wanaoibeba hawaugui. Mwaka 2023 watafiti waliochunguza watu wenye asili ya Afrika, wakiwemo wa Nigeria, wakakuta badiliko kwenye jeni ya GBA1 linaloongeza uwezekano wa kupata Parkinson, na kwa Wazungu karibu halipo kabisa. Hebu fikiria, miaka yote hiyo lilikuwepo na hakuna aliyelitafuta kwetu.

Kwa kaka wa miaka 38 mimi ningeanza na aliyosema NesiWaUsiku: shaba kwanza. Halafu aulizwe jioni anakuwaje.

#16 WaNneNyumbani

Nimerudi. Nimekaa na mshauri mara mbili. Nimeamua kwa sasa sitapima. Aliniambia kutotaka kujua ni haki yangu kama ilivyo haki kutaka kujua, na mlango hautafungwa. Mchumba wangu nimemweleza yote, jana usiku, nikamwonyesha na namba ya baba. Aliuliza swali moja: tukitaka mtoto, kuna njia? Ipo: mayai yanarutubishwa nje, viinitete vinapimwa, kinawekwa kisicho na kasoro, na inaweza kufanyika hata bila mimi kuambiwa kama ninayo. Sikujua. Akasema basi tuna muda wa kufikiria. Tulikaa kimya mpaka chai ikapoa.

#17 NesiWaUsiku

Mungu awatunze ninyi wawili. MtotoWaKati, hujatumalizia. Yule mzee alimuuliza mama yako kuhusu miguu. Ikawaje?

#18 MtotoWaKati

Dada Nesi, nilijua utauliza.

Majibu ya mdogo wangu yalipotoka na kasoro ya GCH1, mzee akaomba damu ya baba na mama. Baba hana. Mama anayo ileile, herufi ileile. Ugonjwa huu huwakamata wanawake zaidi ya wanaume, ila kwa wengine hauji kwa nguvu, unabaki mdogo, kidogo tu pembeni ya maisha. Mama alikuwa na miaka 54. Maisha yake yote alikuwa anakaa chini ikifika jioni na kuosha vyombo akiwa kwenye kigoda, vidole vya mguu wa kulia vimejikunja ndani ya kandambili, nasi tukijua ni mtindo wake. Bibi, mama yake mama, alikuwa hivyohivyo na alizikwa akiitwa mvivu.

Alipewa nusu kidonge. Wiki ya pili nilifika nyumbani jioni nikamkuta jikoni amesimama, anaosha vyombo. Kigoda kilikuwa ukutani, kimegeuzwa juu chini.